Gari ni Yako, Stori si Yako

Februari 1978, huko Los Angeles, polisi walichimba uani kwa nyumba moja ya watu wa kawaida wakatoa Ferrari. Si vipande, si mzoga. Dino 246 GTS ya kijani, nzima, imelala chini ya udongo kama mtu aliyezikwa na heshima zake zote. Waliomzika walikuwa wameziba matundu na taulo ndio mchanga usiingie. Gari ilinunuliwa mpya Oktoba 1974, ikaripotiwa kuibiwa Desemba mwaka huo huo, bima ikalipa, watu wakaendelea na maisha yao. Miaka mitatu na kitu baadaye, koleo zikagonga bodi.

Stori ambayo dunia iliambiwa kwa miaka mingi ni kwamba watoto walikuwa wanacheza na mchanga wakagonga kitu kigumu. Stori tamu, na hata mimi ningeipost vile ilivyo. Lakini kuna watu hawakuridhika. Walirudi kwa waliokuwa kwenye ile kesi, wakauliza, wakalinganisha, na ikatokea kwamba polisi walikuwa wamepewa fununu na mtu. Watoto waliingizwa kwenye stori ili huyo mtu asijulikane. Na Dino yenyewe? Iko. Ilitengenezwa, inatembea, na namba pleti yake huko California imeandikwa DUG UP. Imechimbuliwa. Manze, mwenye gari ana ucheshi.

Niliweka hii stori kwa video fupi na jamaa mmoja akaniuliza, "Bro, gari za mabilionea zinatuhusu nini? Si ufanye kitu ya maana." Swali lake ni fiti, na jibu langu haliingii kwa sekunde sitini. Ndio maana leo naandika.

Maoni yangu ni haya, nayasema mapema ndio usisome ukingoja: mtu anaweza kununua gari, lakini hanunui historia yake. Gari ni yake, stori si yake. Na wale watu wasiolipwa, wengine hawana hata baiskeli ya Kiitaliano, wanaokesha wakifuatilia Ferrari namba fulani ilitoka wapi, ikapita kwa nani, iko wapi leo, wanafanya kazi ambayo sisi wa kontenti tunajifanya tunafanya. Sisi tunarekodi sauti ya egzosi. Wao wanauliza maswali.

Sasa, kazi yenyewe inaendaje? Inaanza na namba. Ile namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma. Kwa miongo mingi Ferrari ilikuwa na mtindo wake: gari za barabarani zilipewa namba witiri, za mashindano zikapewa namba shufwa. Hesabu za shule ya msingi, lakini mtu akikuambia ana Ferrari ya mashindano ya 1954 na namba inaishia na 7, ushajua kuna maswali ya kuuliza. (Dino zilikuwa na mfululizo wao wa shufwa pekee, so usije ukajifanya mjuaji mbele ya watu na sheria ya nusu.) Baada ya chasi kuna namba ya injini, namba ya giaboksi, halafu namba ya bodi. Bodi mara nyingi haikutoka mahali pamoja na chasi. Lamborghini Miura kwa mfano, fremu ilitengenezwa Modena, bodi ikatengenezwa Torino kwa Bertone, halafu vyote vikakutana Sant'Agata kupewa injini. Bertone walikuwa na hesabu yao wenyewe ya bodi, ambayo haifuatani na hesabu ya chasi. Kwa hivyo gari moja lina vitambulisho vitatu au vinne, na kazi ni kuuliza: hivi vyote vilizaliwa pamoja, ama vimekutanishwa juzi?

Halafu kuna namba pleti. Hapa ndipo mimi nilipenda kabisa. Italia ya zamani, namba pleti ilianza na mkoa: MO ni Modena, BO ni Bologna, MI ni Milano, TO ni Torino, na Roma iliandikwa yote, ROMA. Gari ikihamia kwa mwenyewe wa mkoa mwingine, inasajiliwa upya, inapata pleti mpya. Na tangu 1927 kuna daftari la serikali, Pubblico Registro Automobilistico, linaloandika nani alikuwa mmiliki na lini. Sasa fikiria una picha moja ya mwaka wa 1963 na Ferrari imeegeshwa mbele ya hoteli, pleti ni ya Milano. Picha nyingine, gari inafanana, pleti ni ya Roma. Kama daftari linasema ile chasi ilihama Milano kwenda Roma mwaka wa 1964, picha zako mbili zimeshikana mikono. Kama halisemi, una gari mbili ama una mwongo mmoja.

Wewe pia unafanya hivi, ni vile hujagundua. Ukiona KBA na KDM barabarani unajua ipi ilitangulia kuingia nchini. Ukinunua gari kutoka Japani unaitisha namba ya chasi, unatafuta karatasi ya mnada ya kule, unaangalia kilomita ilizokuwa nazo kabla ipande meli, kisha unalinganisha na zile za dashibodi. Kila mtu Nairobi ana binamu aliyeuziwa gari ya "kilomita elfu sitini" iliyozunguka dunia mara tano. Kwa hivyo usiniambie huelewi kwa nini mtu anafuatilia namba. Unaelewa sana. Tofauti ni kwamba wewe unafuatilia ukiwa unanunua, unalala ukishapata logibuku. Hawa wanafuatilia gari ambayo hawatawahi kununua.

Mfano ambao huwa natoa kila mara ni Miura ya ile filamu ya 1969, The Italian Job. Filamu inaanza na Miura ya rangi ya chungwa ikipanda milima ya Alpi, jamaa ametulia, miwani, muziki. Inaingia kwenye handaki, mlipuko, kwisha. Sasa wapenzi wa gari wote duniani walijua siri moja: kampuni haikuchoma Miura mpya. Gari iliyoharibiwa ilikuwa nyingine, tayari ilishapata ajali. Ile nzima ilirudi kiwandani, ikasafishwa, ikakabidhiwa mteja aliyekuwa akiingoja. Na ikapotelea huko. Karibu miaka hamsini swali lilikuwa moja: iko wapi?

Kulikuwa na wenye kudai. Ukiwa na Miura ya chungwa ya 1968, ni rahisi kusema ni yako iliyoigiza. Kilichosaidia ni vitu vidogo sana. Gari ile ilikuwa na siti nyeupe za ngozi. Kabla ya kurekodi waliona siti zitaharibika, wakaweka nyeusi. Lakini viegemeo vya kichwa kwenye Miura havikutoka na siti, vikabaki vyeupe. Na ukisimamisha filamu mahali pazuri, utaviona. Ni kitu ambacho mtu anayetengeneza gari ya uongo hakumbuki, kwa sababu mwongo huiga kile kitu kikubwa, rangi na magurudumu, halafu anasahau kichwa cha siti. Mwaka wa 2019, filamu ikitimiza miaka 50, idara ya historia ya Lamborghini ilithibitisha kwamba gari ni chasi namba 3586, na ilikuwa katika mkusanyiko mmoja huko Liechtenstein. Walitumia nyaraka zao na maneno ya wafanyakazi wa zamani. Lakini bila wale waliokuwa wakisimamisha filamu picha baada ya picha kwa miongo, wakipinga, wakirushiana ushahidi, hakungekuwa na swali la kujibu. Kampuni ilikuja mwisho na muhuri.

Pesa nazo. Siwezi jifanya pesa haipo kwenye hii hadithi. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Sheria za mashindano zilitaka gari 100 za aina moja, Ferrari wakasema hii ni mwendelezo tu wa 250 GT iliyokuwepo, na ikapita. (Kenyan sana, hiyo. Mzee Enzo angefanya vizuri hapa.) Zote 36 zinajulikana kwa namba. Mwaka wa 2018 chasi 3413 iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4, karibu shilingi bilioni 5 kwa hesabu ya wakati huo. Mwaka wa 2023 chasi 3765 ikauzwa New York kwa dola milioni 51.7.

Lakini zamani hazikuwa hivyo, na ndio nataka uangalie hapa vizuri. Katika miaka ya 1960 GTO ilikuwa gari ya mashindano iliyopitwa na wakati. Moja ilipewa shule ya sekondari huko Texas. Shule! Wanafunzi wa ufundi wa magari. Shule ikaiuza mwaka wa 1972 kwa dola elfu chache, na aliyenunua akaiacha nje kwenye trela kwa miaka, mvua na theluji. Hakuna aliyekuwa akifanya ubaya. Ilikuwa gari kuukuu tu. Waliojali wakati huo ni watu wachache wenye madaftari, waliokuwa wakiandika barua kwa mafundi, kwa madereva wastaafu, kwa wajane wa madereva wastaafu, wakiuliza: ile namba uliyokuwa nayo uliiuzia nani? Bei ilikuja baadaye, ikapanda juu ya mgongo wa hizo barua. Nani atalipa dola milioni 48 kwa gari ambayo haiwezi kuthibitishwa kuwa ndiyo yenyewe?

Na hapa ndipo wengine husema: si basi hao ni kama wasaidizi wa bure wa matajiri. Wanafanya utafiti, kampuni ya mnada inauchukua, inauweka kwenye katalogi ya karatasi nzuri, bei inapanda, na gari inaingia ghala lenye hewa baridi isionekane tena. Hili nalikubali nusu. Ni kweli kazi yao huliwa na wengine. Angalia ule ugunduzi wa Ufaransa mwaka wa 2014: mfanyabiashara wa malori, Roger Baillon, alikusanya magari tangu miaka ya 1950 akiwa na ndoto ya makumbusho, biashara ikaanguka miaka ya 1970, magari kama 60 yakabaki chini ya mabanda, mengine yakimea majani. Katikati ya hiyo vumbi, chini ya rundo la magazeti, Ferrari 250 GT California Spider, chasi 2935, iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Februari 2015 iliuzwa Paris kwa zaidi ya yuro milioni 16. Sehemu kubwa ya ile bei ni jina la Delon, na jina la Delon linashikilia gari kwa uzi mmoja, namba na picha za zamani. Na uzi huo ni kazi ya macho ya watu wengi.

Lakini nusu ile nyingine siikubali, kwa sababu ushahidi haujui nani tajiri. Ukishaandikwa, unauma pande zote.

Kuna Ferrari 330 P4, chasi 0846. Februari 1967 ilishinda saa 24 za Daytona na Lorenzo Bandini na Chris Amon, ule ushindi ambapo Ferrari tatu zilimaliza zimepangana kama askari, nyumbani kwa Ford. Juni mwaka huo huo iliungua Le Mans. Ferrari wanasema 0846 ilitupwa, imeisha. Mwaka wa 2000 Mmarekani James Glickenhaus alinunua gari iliyosemekana kuwa ya kuiga, iliyojengwa na sehemu za P4, akaichunguza fremu yake bomba kwa bomba, alama za kuchomelea, matobo yaliyozibwa, na akasema: hii fremu ni 0846. Akaweka ushahidi wake wazi. Kiwanda kikakataa. Watu wanabishana hadi leo, na ninapenda sana kwamba wanabishana. Huyo ni tajiri, ana pesa za kununua ukweli wowote, na bado kuna msee huko na picha ya mwaka wa 1967 anayemwambia, mzee, hebu eleza hili tobo.

Halafu kuna wizi. Ferrari 375 Plus ya 1954, chasi 0384AM. Ilikuwa kwa mzee mmoja Ohio, imekaa nje ya nyumba yake miaka na miaka, ikaibiwa katika miaka ya 1980. Ikatokea Ubelgiji, ikaishia mikononi mwa Jacques Swaters, mtu mkubwa sana katika historia ya Ferrari huko. Kesi zikaanza, zikavuka bahari, zikarithiwa. Mwaka wa 2014 iliuzwa mnadani Goodwood, Uingereza, kwa zaidi ya pauni milioni 10, na hata hapo kesi hazikuisha. Hakuna aliyeweza kuipaka rangi mpya na kusema ni nyingine. Namba ilikuwa inajulikana.

Na hii ya karibu: mwaka wa 1995, wikendi ya mashindano ya Imola, Ferrari F512 M ya dereva wa Formula 1, Gerhard Berger, iliibiwa. Nyekundu, mpya. Ikapotea miaka 28. Mwaka wa 2023 mteja wa Marekani alitaka kununua Ferrari kupitia wakala wa Uingereza, kiwanda kikaangalia namba, na namba ikajibu: mimi ni wa Imola. Polisi wa London walifuatilia wakakuta iliwahi kusafirishwa hadi Japani muda mfupi baada ya kuibiwa, kisha ikarudi Uingereza mwishoni mwa 2023. Waliizuia kabla haijatoka nchini. Machi 2024 wakatangaza. Miaka 28, na chuma bado kinakumbuka jina lake.

Sasa ugomvi wangu. Siku hizi viwanda vimeamka. Ferrari wana idara yao ya magari ya zamani, Lamborghini wana yao. Unalipa, wanakagua, unapewa cheti kwamba gari ni halisi. Ni vizuri, wana michoro na vitabu vya kiwandani ambavyo hakuna mwingine anavyo. Lakini angalia mpangilio: anayethibitisha ni kampuni inayouza jina hilo hilo, na anayelipa ni mwenye gari anayetaka jibu fulani. Na vitabu vya viwanda vya miaka ya 1950 na 60 si msahafu. Hivi vilikuwa viwanda vidogo vyenye haraka. Injini ilihamishwa kutoka gari moja hadi nyingine usiku kabla ya mashindano. Bodi ilikatwa ikabadilishwa. Ile GTO ya 3413 ilizaliwa 1962 na sura moja ikavalishwa bodi nyingine mwaka wa 1964. Kama kila kitu kitaishia kwenye cheti kimoja chenye jalada zuri, na wale wabishi wa nje wakaambiwa asanteni sasa nendeni mlale, hatutapata ukweli zaidi. Tutapata ukweli mmoja uliolipiwa.

Nilitoka campo mwaka wa pili. Kule nilifundishwa kutaja vyanzo mwishoni mwa kila kazi, na hakuna aliyewahi kuniambia ni kwa nini, ilikuwa tu alama tano. Hawa wazee wa chasi ndio walinionyesha. Ukisema gari ilikuwa Palermo mwaka wa 1965, sema umejuaje. Ni picha? Nani alipiga? Pleti inaonekana? Na ukisema bila kuonyesha, wenzako hawakutusi, wanakuweka tu kwenye safu ya "haijathibitishwa" na wewe unabaki hapo hata miaka kumi. Fikiria tungefanyia hivyo wanasiasa wetu. Haya, nisitoke nje ya mada.

Kuna mpaka lakini, na nitausema. Kujua gari ilipita wapi si sawa na kumwambia kila mtu iko garaji gani usiku huu. Kuna watu wanaposti hadi geti. Hiyo ni kumchorea mwizi ramani. Historia iwe wazi, anwani ibaki ya mwenyewe. Mmiliki wa leo ana haki ya kulala. Hana haki ya kufuta kwamba gari yake iligongwa mwaka wa 1966.

Niwarudishe kwa yule jamaa wa "zinatuhusu nini". Unakumbuka Dino iliyozikwa? Injini yake, V6 ya lita 2.4, ndiyo Lancia walichukua wakaweka kwenye Stratos. Stratos, ile gari fupi kama kabari, iliyochorwa Bertone na Marcello Gandini, mtu yule yule wa Miura. Zilizotengenezwa hazikufika 500. Ilibeba ubingwa wa dunia wa rali kwa Lancia mwaka wa 1974, 1975 na 1976. Na ilikuja hapa. Pasaka ya 1975, Safari Rally, Sandro Munari alimaliza wa pili na Stratos, Björn Waldegård wa tatu na nyingine, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Munari alirudi 1977 akawa wa tatu. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Lancia walingoja hadi 1988, na Delta Integrale ya Miki Biasion. Matope yetu yalikataa gari iliyotesa Ulaya nzima, na hilo pekee linatosha kwangu kama sababu ya kujali.

Sasa sikiliza shida. Lancia ni ya Torino, gari zake za kiwanda zilikuja na pleti za TO. Lakini timu za rali za enzi hizo zilikuwa na tabia ya kuhamisha pleti na karatasi kutoka gari hadi gari, kulingana na ipi iko tayari na ipi forodha inaijua. Kwa hivyo pleti peke yake haikwambii ni chasi gani ilikuwa hapa. Leo mtu Ulaya akisema Stratos yake ilikimbia Safari, bei inaruka. Utajuaje? Kwa mambo madogo. Vyuma vya mbele vya kukinga mawe na ng'ombe vilifungwa wapi. Taa za ziada zilikaaje. Ribiti ngapi kwenye boneti. Kibonyeo cha mlango wa kushoto kilichopatikana siku ya pili. Na hayo yanaonekana kwenye picha pekee.

Picha za nani? Wapiga picha wa magazeti walikuwa kwenye ukumbi wa kuanzia na kumaliza. Katikati, kilomita maelfu za barabara iliyokuwa wazi kwa kila mtu, waliosimama kando ni watu wetu. Guka yako na kamera ya kuazima. Mwalimu wa shule fulani aliyetoka na wanafunzi wake. Mwenye duka aliyefunga mapema ndio aone magari. Hizo picha ziko kwenye sanduku la bati chini ya vitanda, pamoja na cheti cha ubatizo na risiti ya redio ya 1971, na kila mara mzee akizikwa, watu wanasafisha nyumba na zinachomwa na magodoro. Wazungu hawana hizo picha. Viwanda havina. Cheti chochote cha Torino hakina.

Kwa hivyo hii ndiyo naomba, na si laiki. Ukienda ocha hii Pasaka, omba hilo sanduku. Kaa na mzee, usiwe na haraka, mwambie, "Guka, hii ni wapi? Ilikuwa mwaka gani? Ulikuwa umesimama upande gani wa barabara?" Andika nyuma ya picha na penseli, si kalamu ya wino, wino unapita. Kisha piga picha yake kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Ukipata gari fupi, chini sana, pua kali, taa nyingi mbele, nitumie. Na tafadhali usikate pembeni ndio ionekane poa. Huko pembeni ndiko namba huwa.